Kisanduku cha Tarehe

Kaka yangu Verlin huziba nyufa; mimi hujaza visanduku.
Ndiyo karakana yetu yote: milango miwili, hita moja,
nyuma ya ghala la mbegu, Minot, Dakota ya Kaskazini,
ambako hukumwagwa changarawe juu ya barafu
ili magari yasiteleze,
nayo magari hurushiana changarawe hiyo usoni
hadi mwezi wa nne.
Tunakula changarawe. Sisemi uongo.

Kila jiwe lina namba zake.
Namba ya dai, namba ya gari yenye tarakimu kumi na saba
(ukikosea moja, subiri siku arobaini),
msimbo wa kuziba, msimbo wa kubadili kioo kizima,
na bei tuliyokubaliana mwezi wa kwanza
ambayo mwezi wa pili hawaikumbuki.
Napiga simu. Kinanda kinanibembeleza.
Dakika ya ishirini na sita anapokea kijana mpole,
Marlys, ananiita, kama tuliolelewa nyumba moja,
Marlys, mfumo unaonyesha mmeshalipwa.
Tumelipwa, ndiyo, pungufu dola kumi na moja.
Dola kumi na moja ni gundi ya nyufa tatu.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema.
Sisi tumeziba. Ukuta wamejenga wao,
ghorofa kumi na nane, kule Omaha, kioo kitupu.

Alhamisi aliingia Bi Ardis Tveit na pikapu ya marehemu.
Ufa mdogo, kama unyayo wa kuku, upande wa abiria.
Verlin akainama, akachoma sindano, akawasha taa ya zambarau.
Nusu saa. Ufa ukafifia kama neno lililomezwa.
Kwangu ikabaki fomu.
Kioo kilipasuka lini?
"Jumapili," akasema. "Tukitoka makaburini.
Lori la ngano lilitupita."
Nikabonyeza. Skrini ikawa nyekundu:
bima ilikatika Ijumaa, ikarudi Jumatatu saa nne.
Orval ndiye aliyekuwa akilipa,
kila tarehe mosi, kwa hundi, kwa mkono wake,
na mwezi huu mkono haukuwepo.

Kisanduku kikapepesa.
Siku moja tu mbele. Jiwe halina kinywa.
Na mimi si mtakatifu: nimewahi kuugeuza ufa wa jana
ukawa wa leo, kwa watu nisiowapenda hata.
Yeye hakuniomba. Alikuwa anatazama glavu alizovaa,
za kiume, vidole vimezidi.
Lakini wangempigia kuthibitisha, simu inarekodiwa,
naye angelazimika kusema Jumatatu,
aihamishe Jumapili ile kwa mdomo wake mwenyewe,
kaburi na udongo na lori la ngano.

Niliandika Jumapili.
Dai likarudi kabla kahawa haijapoa: limekataliwa.
Verlin hakusema kitu. Alichukua kitambaa
akapangusa kioo alichokwisha kukipangusa.
Nikachapa ankara: gundi, sifuri. Kazi, sifuri.
Kodi ya sifuri, nikaipigia hesabu pia, kwa mazoea.

Jana mtu ameacha gunia mlangoni
na injini haikuzimwa hata.
Leo nafunga mwezi. Kitabu kimelala wazi,
mikono yangu inanuka udongo,
na orodha nimeishusha mara mbili hadi mwisho:
hakuna msimbo wa viazi.