Kijiji cha Laku

Kitabu kililetwa kimefungwa kwa khanga iliyochuja.
Karani wa parokia akapuliza vumbi, akanionya:
"Usilambe kidole, mama. Geuza taratibu."
Mchwa walikuwa wamenitangulia.
Walikwisha kula akina Anastazia wote wa mwaka wa njaa,
wakaacha pembe za kurasa kama kitana kilichong'oka meno.

Nilimtaka mtu mmoja tu:
Melkiori, baba wa babu yangu,
aliyeshuka Ukerewe na kapu la samaki wakavu
na hadi anakufa hakusema katokea wapi.
Shangazi wa Murutunguru anasema Kome.
Wa Bwisya anaapa ni Ukara, tena upande wa mawe.
Wa tatu hunyamaza, anaendelea kumenya mihogo.

Na mihogo yenyewe iko barazani.
"Ninyi wakuja," wanatuambia majirani,
"kitovu cha mzee wenu kimezikwa wapi?"
Na mwenyekiti amefungua kalamu, anangoja.

Nambari mia nne kumi na mbili. Saa nane, njaa inauma.
Mwandiko wa padri umelala upande
kama matete yaliyokanyagwa na kiboko.
Jina: Melchior. Baba: alama ya kuuliza.
Mama: Nyanjura, na mbele yake neno moja la Kilatini
lililomwacha nje ya mlango wa kanisa.
Mahali: in Lacu.

Laku!
Mimi mwalimu wa jiografia, miaka ishirini na sita
nawachoresha watoto wa watu mito bila kutazama kitabu,
na kijiji cha Laku sijapata kukisikia.

Nikakitafuta.
Nikavuka Kamanga, nikauliza Sengerema,
nikalala Buchosa kwa mjane aliyedhani nauza vitenge.
Huku kwetu L na R ni mapacha
ambao hata mama yao huwachanganya,
basi daftari likajaa: Raku, Lwaku, Nyaraku, Ilaku.
Nikawapigia watendaji watatu.
Mmoja akaniuliza kama kuna posho.
Fedha ya bati ikaishia kwenye nauli.

Jioni moja Kirumba, kwa Deusdediti mkaanga chipsi
(alikaa seminari miaka minne,
wakamrudisha kwa sababu asiyoitaja)
nikatandaza nakala ya ukurasa kando ya chupa ya tomato.
Akafuta mikono kwenye aproni. Akasoma.
Akacheka mpaka akashika ukuta.
"Mwalimu, hiki si kijiji.
Hiyo herufi kubwa ni mbwembwe za padri.
In lacu: ziwani.
Mzee wako kazaliwa majini."

Mimi sikucheka. Viazi viliungua, wateja wakanung'unika.

Ziwani.
Kwa hiyo kulikuwa na mtumbwi.
Kwa hiyo Nyanjura alishika ubao kwa mikono miwili
na mtu, sijui nani, aliacha kupiga kasia.
Alikuwa anakimbia ndui? Anamkimbia mume?
Au alikuwa anarudi kwa mama yake tu, akachelewa?
Walimkatia mtoto kwa kisu cha samaki?
Kitabu hakina safu ya mambo hayo.
Kina safu ya sadaka, imejazwa: kuku mmoja.

Na kitovu.
Kitovu hawakukizika, walikiachia.
Kilielea kidogo, nadhani, kisha sato akapita.

Nimewaza mashangazi zangu.
Pengine hakuna aliyekosea.
Aliyezaliwa katikati ya maji
kila ufuko humwonyesha kidole: huyu wetu,
mpaka siku ya kugawana shamba.

Jumatatu baraza litaketi.
Fomu ninayo hapa mezani, juu ya madaftari ya Kidato cha Pili
ambayo sijasahihisha.
Mahali pa asili ya ukoo: nimeandika Ziwa.
Kata: nimechora mstari.
Jirani wa mashariki, jirani wa magharibi:
maji, maji.
Jina la mwenyekiti wa kijiji, sahihi na muhuri:
hapo kalamu imesimama tangu magharibi,
na wino unaanza kufanya doa.