Andalio la Somo

Jina la mwalimu: Tumpe Mwalupindi.
Hapo tu pana ugomvi.
Cheti cha kuzaliwa kinasema Tumpe,
cha kidato cha nne kinasema Tumpeh,
h iliyodondoka sijui kutoka kalamu ya nani,
na mezani pa Uhamiaji herufi moja
yatosha kumgawa mtu kuwa wawili.
Wakili wa Miyomboni kaniandikia kiapo
kwa elfu ishirini: kwamba mimi ndiye mimi.
Nimekisoma mara tatu.
Nimekaribia kuamini.

Mada: muhula mmoja ugenini.
Darasa: mimi, kitanda cha juu, hosteli, Iringa.
Zana: kiapo; picha za pasi, masikio yote yaonekane;
bumu la muhula, au kilichobaki,
maana liliingia Alhamisi nikaligawa
kama uji wa wagonjwa, kila bakuli nusu;
na koti la mtumba nililoliopoa chini kabisa ya fungu.
Mfukoni mwake nimekuta tiketi ya basi,
lugha siijui, mji siujui.
Koti linarudi kwao.
Mgeni ni mimi.

Utangulizi, wanatufundisha,
uanze na kile mwanafunzi anachokijua.
Ninachokijua ni hiki:
Makete, mazoezi ya kufundisha,
kidato cha pili B, wanafunzi tisini na wanne, vitabu kumi na kimoja.
Nimechora dunia ubaoni imeinama kidogo
kama mtu anayechimbua viazi.
Nje sakitu ya usiku imeunguza bustani ya shule,
majani yamekuwa meusi kama yaliyopitiwa na moto.
Nikasema, kwa Kiingereza cha ubaoni,
huko kaskazini theluji hufika magotini.
Mkono ukanyooka nyuma. Edina Tweve,
majivu ya mekoni bado kwenye sweta,
akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuiba:
Mwalimu, umeiona?

Nilikuwa na chaki mkononi.
Chaki ni nyeupe. Nilikuwa na hiyo tu.
Ni kama sakitu, nikasema, ila nyingi.
Akaandika: theluji ni sakitu nyingi.
Nikamwekea vema.
Tangu siku hiyo alama ile inanidai.

Mama kapiga simu kutoka Isyonje.
Madalali wamekuja, wanataka lumbesa,
gunia lenye kilemba kwa bei ya gunia kipara.
Kakataa. Kesho atakubali.
Halafu: Huko uendako wanakula nini?
Viazi, mama.
Kimya. Nikadhani salio limekwisha.
Kisha kicheko, kile chake cha kukohoa:
Yaani unapanda ndege kufuata viazi?

Fomu inataka maneno mia tano: kwa nini uje kwetu.
Nimeandika kupanua upeo. Nimefuta.
Nimeandika mbinu shirikishi. Nimefuta hiyo pia,
ilinuka ukumbi wa mihadhara.
Ukweli ni mfupi, haujazi ukurasa:
nataka kukaa nyuma ya darasa la watoto ishirini
nione mwalimu anafanya nini na mikono yake
isipokuwa na kazi ya kuhesabu watu.
Na nataka nikosee lugha mbele za watu.
Niombe chumvi nipewe kiti.
Nijue anavyokauka koo
mtoto anayeijua mvua kwa Kikinga na kwa Kiswahili
akiulizwa mvua ni nini kwa ya tatu.
Hilo chuoni sikufundishwa. Sidhani lina mtihani.

Hatua ya tatu, ya nne: pasi haijatoka.
Njoo Jumatatu. Njoo Jumatatu nyingine.
Koti linaning'inia msumarini,
limezoea kusubiri kuliko mimi.

Tathmini, kama ijulikanavyo,
hujazwa baada ya kipindi.
Nimeacha nafasi.
Tarehe nimeiweka kwa penseli.