Kilo Mbili za Ziada

Kauzwa ng'ombe wa mama, nipate tiketi moja,
Kigoma jua lazama, ndege yetu haijaja,
Spika yaguna, yakwama, "Subirini" ndiyo hoja,
Asubuhi tulipima, mawese sasa yavuja.

Mizani haina haya: kilo mbili za ziada!
"Lipa, baba, si vibaya, haya mambo kawaida."
Navaa koti, nagwaya, mashati sita kwa shida,
Mfuko ndio wapwaya, wao wapata faida.

Bukuru simu apiga: "Shangazi tumemzika."
Nilitaka kumuaga, nami bado sijaruka;
Wa treni, kwa zao soga, Dodoma wameshavuka.
Mawese yanajimwaga, sakafu yote yawaka.