Zimeni Taa

Dundee, Novemba, saa kumi jioni,
na jua limeshaondoka kama mgeni asiyepikiwa.
Ghorofa ya tatu. Zulia. Hita inanong'ona ukutani.
Mwanasesere amelala chali kwenye kitanda cha magurudumu,
miguu yake ya mpira imekunjwa,
na tumboni ana bomba la maji mekundu
aliyoyakoroga Ailsa kwa rangi ya keki.

Wenyeji humwita Morag.
Mimi nimempa jina jingine.
Silitamki.

Ailsa anafundisha vizuri, sitamsingizia.
Mikono yake ina haraka isiyo na papara.
“Dakika ya kwanza, sindano ya paja.
Kisha kiganja chini ya kitovu, sugua
mpaka mji wa mimba ukaze kama mpira wa kriketi.”
Naandika daftarini: kama danzi bichi.

Tiyamike wa Zomba akikosea hucheka.
Isatu wa Makeni hacheki;
anasugua kama mtu anayefuta jina ukutani.
Aliniuliza juzi, tukingoja basi,
kwetu kuzaa tunakuitaje.
Nikamwambia: tuna neno kujifungua.
Akalirudia mara mbili, mvuke ukimtoka kinywani.
Nikaongeza: mlango ukishafunguka
mkunga hatoki kizingitini,
maana si mtoto peke yake anayeutafuta.

Chini ya makalio ya mpira Ailsa ametandika
plastiki yenye mistari: mia mbili, mia tatu, mia tano.
Nikatoa mkobani doti moja ya kanga, rangi imechujuka.
Sisi, nikasema, tunapima kwa hii.
Ikilowa ya kwanza, ita watu.
Ikilowa ya pili, usiulize tena gari liko wapi,
ingiza mkono.
“Na maandishi yanasemaje?” akauliza.
Nikajibu ni salamu tu.
Yanasema: TULIAHIDIANA KURUDI.

Ndipo nikawaomba: zimeni taa.

Wakatazamana.
Nikasema, kwetu, ng'ambo ya Momba,
betri ya sola huchoka saa nane za usiku,
na watoto wengi hawana saa.

Tiyamike akabonyeza swichi.
Nikafungua koki ya Morag mpaka mwisho.

Gizani damu ni sauti.
Tulisikia ikidondoka, kisha ikaacha kudondoka,
ikawa inamwagika.
Chuma kikagongana na chuma.
Ailsa, mwenye miaka thelathini ya kazi,
akapapasa trei kama mtu aliyeamshwa
katika nyumba isiyo yake.
“Siioni dawa,” akasema,
na sauti yake ilikuwa ndogo.

Usiitafute kwa macho.
Dawa kulia, glovu kushoto, uzi karibu na goti,
kila siku, hata siku isiyo na mzazi.
Kichupa kifupi chenye shingo nyembamba, ndicho.
Nikaushika mkono wake, baridi,
nikaupeleka.
Isatu alikuwa ameshapanda kitandani,
ngumi ndani, kiganja juu,
akihesabu kwa Kikrio, polepole,
wala hakukosea hata namba moja.

Taa zilipowaka
tulikuwa wekundu mpaka kwenye viwiko.
Kanga ya kwanza imelowa.
Ya pili, pindo tu.
Hakuna aliyepiga makofi.
Ailsa alifuta ubao, akaandika neno moja, GIZA,
akalipigia mstari,
kisha akaniomba nimpangie trei upya,
yeye amefumba macho.

Usiku, hosteli, nikaifua doti kwenye sinki.
Rangi ya keki ilitoka kwa maji ya kwanza.
Lile doa jingine, kando ya herufi K,
nililiacha kama lilivyo,
nimeshalifua miaka minne.
Mama yake ndiye aliyenipa. Alisema: chukua,
mimi siwezi kuivaa, na kuitupa siwezi.

Nikaianika juu ya hita.
Asubuhi ilikuwa imekauka,
na darasa lilianza saa tatu.