Bado Elfu Mbili

Baba alipopotea katika pori la Ipole
alikuwa na panga, kiberiti kilicholowa,
na mfukoni mwa shati kikaratasi cha fundi Sizya
kilichochanwa kwenye daftari la mistari,
mwandiko umelala upande kama mtu aotaye jua:
Gurudumu la nyuma. Spoki tisa. Kalipa elfu tatu.
Bado elfu mbili. Achukue Jumamosi.

Jumamosi ikapita.
Nyuki waliomvuta hadi ng'ambo ya mbuga
walikwisha kwenda zao, mizinga mitupu,
na miyombo (wewe huijui miyombo)
kila mti ni ule ule uliouacha jana,
mpaka unauamkia: shikamoo, tulionana.

Alikula mbula zilizoanguka, nyingine zina mabuu.
Alilamba umande kwenye majani ya mtundu.
Usiku, anasema, hakuogopa fisi.
Aliogopa asubuhi,
maana asubuhi ndipo mtu huanza kuhesabu.
Basi akahesabu elfu mbili.
Noti moja ya elfu, sarafu tano za mia mbili.
Akazihesabu kwa hatua, kwa mbung'o waliomng'ata,
kwa sauti, kama karani wa ushirika wa tumbaku.
Akakikunjua kikaratasi, akakikunja.
Jasho likala jina la fundi,
likabakiza deni na siku.

Katika ukoo wetu hakuna aliyekufa na deni la fundi.
Hilo tu. Hakuona malaika.
Hakuniwaza mimi; nilimuuliza.
Alimwaza Sizya, grisi mpaka kwenye kope,
akimwambia mteja mwingine:
Watu wa Kisanga ndivyo walivyo.

Huku nyumbani, siku ya sita,
baba wadogo waliwasha moto wa matanga.
Sizya akaja akiikokota baiskeli, imesuguliwa inang'aa,
akaiegemeza chini ya dirisha la mama,
akasema mbele ya watu:
Lile deni nimelisamehe. Marehemu hadaiwi.
Tukashukuru. Mama akaanza kulia upya
kwa sababu ya kengele,
maana Sizya alikuwa ameongeza kengele.

Siku tatu zaidi baba alitembea
juu ya deni lililokwisha kufa,
na likambeba.
Sijui nani wa kumshukuru
kwa kuwa habari njema hazifiki porini.

Wachoma mkaa walimkuta kando ya barabara,
midomo imepasuka, kiganja kimefumbwa.
Neno lake la kwanza: Leo siku gani?
Ijumaa, mzee.
Basi nimewahi, akasema. Kesho Jumamosi.
Haikuandikwa Jumamosi ipi.

Sizya alikataa zile pesa.
Baba akaziweka mezani, chini ya spana,
akapanda, akaondoka bila kugeuka.

Kengele hailii sawasawa.
Hajamwambia mtu.