Kiatu Kimoja

Juni, Newala. Ukungu haujaondoka hadi saa tatu,
mlingoti wa bendera unaonekana nusu,
na watoto wanatokea mmoja mmoja ndani ya weupe ule,
masweta yamefungwa vifungo mpaka kidevuni,
kila mmoja ameng'ang'ania kidole cha mtu wake
kama anayeshika kamba ya ndoo kisimani.

Kambi yetu ya likizo ni madarasa mawili na uwanja,
mikeka saba, sungura mmoja, sufuria la Mama Chilumba.
Mimi nimepewa mlango.
Napokea viatu, navipanga ukutani,
naviandikia chaki visigombaniwe.

Shaweji, miaka mitano kasoro, hakuvua.

Siku ya kwanza nilimwomba.
Ya pili nikamwonyesha vya wenzake.
Ya tatu Mwalimu Tekla akasema, mwache,
nikamwacha kwa shingo upande,
maana mikeka naifua mimi
na maji ya Newala si ya kuchezea.
Alikaa ukingoni, miguu nje ya mkeka,
viatu vyeusi vya Idi, vimemzidi namba mbili,
gazeti limeshindiliwa kwenye ncha.
Hakulia. Afadhali angelia;
kilio nakijua, kina mwanzo na kina kuishiwa pumzi.
Yeye aliuliza tu: "Mama amefika wapi?"
Si "atakuja saa ngapi".
Kwake, mama akigeuza mgongo
tayari yuko njiani kurudi,
na mtu anayesubiriwa hivyo
hukutwa amevaa viatu.

Kosa nililifanya siku ya nne.
Nilimnong'oneza mama yake: toroka,
anamtazama sungura.
Akatoroka. Shaweji akageuka,
akautazama mlango, akanitazama mimi,
akainama, akakaza kamba.
Uji wake ulipoa mikononi hadi ukaota ngozi.

Usiku ule sikulala vizuri.
Asubuhi nikamwambia mama: muage.
Muage hata akilia, mwambie unakokwenda,
ila usimtajie saa, hajaijua.
Mama akachuchumaa kwenye umande,
kanga imelowa pindo, akaanza:
"Mtakula ming'oko, halafu mtakunywa uji, halafu..."
"Uji kwanza," Shaweji akasema.
"Uji, mpira, ming'oko, kulala."
"Na mkiamka?"
"Mikeka haijakunjwa, umefika."
Siku tano, na hapo ndipo nilipoisikia sauti yake nzima.

Nami nilikuwa nimemhoji mama yule njia yote.
Kwa hiyo lilipokuja swali, "Amefika wapi?"
nilikuwa na jibu.
"Anabangua korosho, ndoo ya kwanza."
Baada ya mpira: "Ndoo ya pili, na mkono umeshika utomvu."
Fikira akadakia kutoka mkeka wa pili,
"Mama yangu mimi amefika Tandahimba!"
"Wangu yuko jikoni, anaunguza maharage!"
"Wangu amefika kwa fundi, anadai gauni lake!"
Darasa zima likawa linawafuata mama zao,
huyu barabarani, yule sokoni,
mmoja, wallahi, juu ya mgomba,
na Shaweji akacheka mpaka akalala chali,
na alipokuwa chali, bila kumwangalia mtu,
akavua kiatu. Kimoja.
Cha kushoto.

Sikusema neno. Nilikipokea kwa mikono miwili,
nikakiweka kwenye foleni ukutani,
nikaandika Sh, chaki ikakatika.

Alilala hivyo, mguu mmoja ndani ya nyumba,
mguu mmoja safarini.

Mikeka haijakunjwa, mama akatokea,
vidole vyeusi kwa utomvu wa korosho,
akambeba mgongoni, akaona unyayo mtupu,
akarudi mlangoni kuuliza.
"Kiache," Shaweji akamwambia, shavu kwenye shingo yake.
"Kesho nitakikuta."

Wakashuka njia ya ghalani.
Nilifagia gazeti lililomwagika kutoka kwenye ncha,
nikalikunja upya, nikalirudisha.