Mizani ya Mtera

Saa kumi alfajiri tulitoka Dodoma,
pikapu ya Sekwao, fimbo za kuvulia zimefungwa kwa mpira wa baiskeli,
chupa ya chai katikati ya magoti yangu.
Mimi ni mkaguzi wa mizani. Nimezoea vumbi la Soko la Majengo,
kugonga lakiri kwenye visahani vya wauza vitunguu.
Yeye anauza dawa za mifugo, na huzungumza na chambo.

SHINDANO LA WASIO WAVUVI, bango lilisema.
Ada elfu ishirini.
Ukijulikana umewahi kuuza hata fungu la dagaa, unatolewa.

Bwawa lilikuwa limeshuka. Mitambo ya umeme imekunywa,
na miti iliyokufa mwaka ule maji yalipopanda
imesimama kiunoni, myeupe,
kila tawi na mnandi wake anayeanika mabawa.
Tukapewa boti namba tisa, kopo la kukumbia maji,
na onyo: upande wa Kizigo msiende, kuna kiboko ana mtoto.

Filimbi.
Boti thelathini na moja zikatawanyika
kama vifaranga walioona kivuli cha mwewe.

Saa ya kwanza, hola.
Saa ya pili Sekwao akanasa kandambili,
ya mguu wa kushoto, nzito kwa tope.
Akaitia kwenye ndoo, akaiamkia.
Jua likaanza kutuchuna.
Nikarusha, nikavuta, nikarusha,
mkono ukajifunza kabla yangu
urefu wa pumzi kati ya kisiki na kisiki.

Kisha uzi ukasimama.
Haukuvutwa. Ulisimama,
kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni.
Halafu ukaenda.
Ukapita chini ya boti, fimbo ikapinda ikawa herufi nisiyoijua,
Sekwao akitoa maneno ya Kigogo
ambayo mama alinikataza kuyaelewa,
na kwenye wavu akaingia perege
mpana kama ungo wa mtoto, mgongo mweusi,
tumbo rangi ya ndizi inayoanza kuiva.
Mdomo ukifunguka, ukifumba,
kana kwamba anahesabu.

Kanuni: apimwe hai, arudishwe hai.
Akina mama wa pale walikuwa wamekuja na sufuria.
"Mmechoma mafuta kutoka mjini
mje kumtoboa samaki mdomo, kisha mmwage?"
Sikuwa na jibu. Sinalo hata leo.

Katibu Malogo akaning'iniza kiroba chetu.
Mshale ukatetemeka, ukatua.
"Kilo mbili na robo! Nafasi ya pili!"
Zawadi ya pili godoro, bado liko kwenye nailoni,
na Sekwao alikwishalikalia.

Mimi sikumtazama samaki. Jicho la kazi halina likizo.
Chini ya kiroba, kwenye kona,
palikuwa pamechongoka
kitu ambacho perege hana:
kisigino.

Ungeweza kuandika barua ndefu
ndani ya muda nilionyamaza.
Mnandi mmoja aliruka, akatua, akaruka tena.
"Bwana Malogo," nikasema, "shusha. Kuna mguu humo."

Walicheka mpaka mtu wa filimbi akaikalia filimbi.
Kilo mbili na punje. Nafasi ya tano.
Nafasi ya tano ni kofia, moja, kwa watu wawili.

Nikaingia majini hadi magotini na perege wangu.
Nikamshika akielekea kwenye kina, mashavu yakifanya kazi,
mara mkia ukanizaba maji usoni,
na mikono yangu ikabaki imeumbika vilevile,
imemshika asiyekuwapo.

Tulipita Chipogolo hatusemi.
Karibu na Fufu, Sekwao akavua kofia, akanivika.
"Gramu mia na themanini," akasema,
"na godoro la inchi nane limekwenda."

"Mia na themanini," nikasema. "Umejuaje?"

Akawasha redio.
Redio ya gari lile
haijawahi kushika kituo chochote.